Pact Broker kwenye mfumo wa tiketi za mabasi: inasaidia wapi, inaudhi wapi

Kwa mwenye haraka: Pact Broker, seva inayotunza mikataba ya jinsi huduma za programu zinavyoulizana na kujibiana (mikataba inaandikwa na zana iitwayo Pact), ni nzuri, ni ya bure, sura yake ya kizamani, na kazi yake kubwa siyo ile inayotangazwa sana. Wengi wanaisifia kama chombo cha kufanyia majaribio. Mimi naitumia kujua nani anamtegemea nani, na nikibadili kitu leo mchana nani ataanguka. Kwa hilo naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaeleza imepotelea wapi.

Nafanya kazi kwenye kampuni inayouza tiketi za mabasi ya mikoani na yale yanayovuka mipaka, ya Nairobi, Lusaka na Lubumbashi. Zamani mfumo ulikuwa programu moja kubwa. Sasa zimegawanyika: huduma ya viti, ya nauli, ya malipo, ya SMS, ya ripoti za wenye mabasi, halafu kuna app ya mawakala, wale wanaokatisha tiketi kule stendi ya Magufuli, Mbezi. Kila huduma ina timu yake, au nusu ya timu, na kila timu inapandisha kazi yake prodakshen, yaani hewani kwa wateja, inapojisikia. Hawa Jumatatu asubuhi, wale Alhamisi usiku. Hatusubiriani, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Shida ni kwamba huduma ya nauli ikibadilisha umbo la jibu lake, hakuna mahali penye orodha ya wanaolisoma jibu hilo.

Kabla ya Pact tulifanya kama wanavyofanya wengi, yaani namba kwenye anwani. Ilikuwepo /v1, ikaja /v2, kisha /v3 ambayo ilikuwa /v2 yenye fildi (kipengele cha data) moja zaidi. Ukisikia namba za matoleo unadhani kuna utaratibu. Kwa kweli namba inamwambia mlaji, yaani huduma inayosoma jibu, kwamba kitu kimebadilika, lakini mtoaji, huduma inayolitoa, haimwambii chochote. Mimi mtoaji nataka kuua /v1 na sijui nani bado anaita. Logi zinaonyesha wito unakuja, lakini wote unapitia lango moja, kwa hiyo unaonekana umetoka kwa mtu mmoja. Unaingia kwenye grupu la WhatsApp: "Jamani, kuna anayetumia /v1/nauli?" Kimya. Anatokea mmoja na kidole gumba. Kidole hicho kinamaanisha anaitumia, au ameusoma ujumbe tu? Kwa hiyo /v1 inabaki, inatibiwa kila inapougua, na hakuna mwenye ujasiri wa kuizika.

Pact yenyewe ilianzishwa mwaka 2013 Australia, kwenye timu ya realestate.com.au, tovuti ya nyumba na viwanja, walipokuwa wanahangaika kupima huduma ndogondogo za lugha ya programu ya Ruby bila kuziwasha zote kwa pamoja. Broker, sehemu ninayoizungumzia hasa, ni kazi ya Beth Skurrie. Leo kuna Pact ya Java na Kotlin, JavaScript, Go, Python, .NET na nyinginezo, na nyingi kati yake zimejengwa juu ya kiini kimoja kilichoandikwa kwa Rust.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mlaji, tuseme huduma ya ripoti, anaandika jaribio lake la kawaida. Badala ya kuita huduma halisi ya nauli, anaita seva ya kuigiza aliyoiwasha palepale kwenye kompyuta yake, na anaielekeza: nikikuuliza nauli ya safari fulani, nijibu hivi. Jaribio likipita, Pact inaandika mazungumzo hayo kwenye faili la JSON (data iliyoandikwa kwa mpangilio ambao mashine inausoma), swali na jibu linalotarajiwa. Faili hilo ndilo mkataba. Linapandishwa Broker. Upande wa pili, mtoaji anaushusha mkataba, anarudia maswali yaleyale mbele ya huduma yake halisi, na majibu yanalinganishwa. Matokeo nayo yanapelekwa Broker. Hakuna wakati ambapo pande zote mbili zinahitaji kuwa hewani pamoja, na kwa wasanidi wanaojaribu kuwasha huduma sita kwenye laptop moja, hilo peke yake linatosha kushukuru.

Utamu uko hapa: mkataba unabeba vile tu ambavyo mlaji anavisoma. Jibu la huduma ya nauli lina mambo mengi, kampuni ya basi, daraja, muda wa kuondoka, posho ya mizigo. Huduma ya SMS inachukua jina la basi na saa ya kuondoka, basi. Mkataba wake una vitu hivyo viwili. Nikiongeza fildi mpya kwenye jibu, Pact haishtuki, maana kwenye majibu inavumilia vya ziada. Kwenye maombi ni kinyume: mlaji akituma kitu ambacho hakimo kwenye mkataba, jaribio linakataa. Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza niliona kama upendeleo. Kadiri ninavyoitumia naona ndivyo inavyotakiwa iwe.

Sasa kisa chenyewe. Miaka yote nauli kwetu ilikuwa namba tu: `"nauli": 45000`. Shilingi, hakuna mjadala. Zilipokuja safari za nje ikawa lazima kutaja sarafu, maana wenye mabasi wengine wanapanga bei kwa kwacha au kwa dola. Njia ya haraka ilikuwa kuligeuza `nauli` kuwa kitu chenye `kiasi` na `sarafu` ndani yake, na siku hiyo hiyo kila msimbo unaojumlisha nauli ungeanza kujumlisha takataka. Tukaenda kwa hatua. Kwanza tukaongeza `nauli_kamili` pembeni ya ile ya zamani. Mikataba yote ikapita bila kelele. Walaji wakaanza kuhama mmoja mmoja, kila mmoja kwa ratiba yake. Hatua ya mwisho ndiyo ya kutisha: kuiondoa `nauli` ya zamani. Kuongeza kila mtu anaweza, kufuta ndiko kunakohitaji ushahidi.

Ushahidi unatoka kwenye amri moja, na kama Broker isingekuwa na kingine chochote ningeiweka kwa ajili yake:

`pact-broker can-i-deploy --pacticipant huduma-nauli --version 4f2a9c1 --to-environment production`

Unaiuliza hivi: toleo hili la huduma yangu, likiingia prodakshen sasa hivi, litaelewana na matoleo ya wengine yaliyopo huko sasa hivi? Angalia hayo "yaliyopo huko". Haiangalii tawi kuu la wenzako wala kazi waliyomaliza jana na haijapanda. Inaangalia kilichoko hewani. Broker inajua kwa sababu kila huduma ikimaliza kupanda inaiarifu kwa amri nyingine, `record-deployment`. Kwa hiyo ina jedwali: toleo la mlaji, toleo la mtoaji, walihakikiwa au la, walielewana au la. Swali lako linajibiwa kutoka kwenye jedwali hilo, na jibu linakuja na utani mdogo kwamba kompyuta imekubali au imekataa, pamoja na namba ya kutoka inayotosha kusimamisha CI yako, yaani mtambo unaojaribu na kupandisha msimbo wenyewe. Ni kama konda anayeuliza "kuna anayeshuka?" kabla dereva hajapita kituo, ila huyu hasikilizi sauti, anazo tiketi za abiria wote mkononi.

Tulipouliza kuhusu kuifuta `nauli`, ilikataa, na ikataja nani. Huduma ya ripoti. Wenyewe walikuwa wamehama kwenye kurasa zote, isipokuwa ile kazi ya usiku inayotengeneza faili la jedwali la CSV kwa ajili ya wenye mabasi, na hiyo ilikuwa na jaribio lake la Pact. Dada wa ripoti akaifungua, akabadili, akapandisha, tukauliza tena. Hakuna aliyeitisha kikao. Zamani jambo la aina hii lingejulikana asubuhi, kwa simu ya mwenye basi anayetaka kujua kwa nini safu ya mapato iko tupu.

Kizuizi hicho kinafanya kazi pande zote mbili. App ikitaka kutoka na msimbo unaotegemea `nauli_kamili` wakati huduma ya nauli iliyo prodakshen bado haina fildi hiyo, inakataliwa nayo. Suala la nani atangulie kupanda, lililokuwa likitugombanisha, sasa linajibiwa na mashine.

App ya mawakala ndiyo iliyonifanya niheshimu umakini wa waliobuni kitu hiki. Huduma ya kwenye seva ikipandishwa, toleo jipya linafuta la zamani, habari imeisha. App haiko hivyo. Toleo jipya liko Play Store, lakini wakala pale kwenye kibanda chake ana simu iliyojaa picha na bando la kuungaunga, hasasishi kitu mpaka kimkatalie kazi. Kwa hiyo matoleo kadhaa ya app yanaishi kwa wakati mmoja, na kila moja linaongea na seva zetu. Broker ina amri tofauti kwa hali hiyo, `record-release`. Toleo lililoandikishwa hivyo linahesabika liko mtaani mpaka useme kwa mdomo wako, kwa `record-support-ended`, kwamba humhudumii tena anayelitumia. Tulipomaliza na ripoti tukauliza upya, ikakataa tena: matoleo ya zamani ya app bado yanaisoma `nauli`. Ikabidi tuweke skrini ya kumlazimisha wakala kusasisha, tukangoja, tukaangalia logi kwa namba ya toleo ambayo app inaituma kwenye kila ombi, na wito wa matoleo hayo ulipokauka ndipo tukatangaza kwamba msaada umekwisha. Hapo ikakubali.

Lakini hapo hapo kuna upungufu wake. Broker inajua ulichoiambia. Haijui mawakala wangapi wamebaki na toleo la zamani, hilo utalitoa kwenye logi zako mwenyewe. Na ukisahau kuandikisha kwamba umepandisha, au mtu akapandisha kwa mkono usiku bila kupitia CI, jedwali lote linakuwa uongo ulioandikwa kwa unadhifu. Amri ya kuandikisha lazima ikae ndani ya hatua ileile ya kupandisha, isitegemee kumbukumbu ya mtu.

Yanayoudhi sasa. La kwanza ni data za kubahatisha ndani ya majaribio. Broker ina akili nzuri: mkataba ukipandishwa tena na yaliyomo hayajabadilika, matokeo ya uhakiki wa zamani yanahamia kwenye toleo jipya, hakuna haja ya mtoaji kuhakiki upya. Sasa chukua msanidi anayeweka kwenye mfano wake saa ya sasa hivi, au namba ya tiketi inayozalishwa upya kila mara. Kila CI ikikimbia, mkataba unaonekana mpya. Kila mkataba mpya unaamsha uhakiki kwa mtoaji. Foleni ya CI inajaa, watu wanaanza kulaani Pact, na kosa si la Pact. Weka tarehe moja isiyobadilika kwenye mfano na utumie kanuni ya kulinganisha kwa aina au kwa umbo, badala ya kulinganisha thamani yenyewe. Maelezo ya mradi yanalitaja jambo hili, ila mtu mgeni hafiki ukurasa huo mpaka ameshaungua.

La pili ni kile wanachokiita hali za mtoaji. Mkataba unasema, "ikiwepo safari ya Dar kwenda Mbeya yenye viti vilivyobaki", na mtoaji lazima aandike msimbo wa kuitengeneza hali hiyo kwenye databesi kabla ya swali kuulizwa. Timu tatu zikiandika sentensi tatu tofauti kwa hali moja, mtoaji anabeba mzigo wa kuziandalia zote tatu. Tumelazimika kuwa na orodha ya sentensi zinazoruhusiwa, na mtu akitaka mpya anaomba. Ni urasimu, ndiyo. Bila huo folda ya hali ilikuwa imeshaanza kuota magugu.

La tatu ni zito zaidi, na ndilo lililoila ile nyota. Pact haikulindi na thamani mpya ndani ya orodha. Hali ya tiketi kwetu ilikuwa IMELIPWA, INASUBIRI, au IMEFUTWA. Mtoaji akiongeza IMEAHIRISHWA, mikataba yote itapita vizuri, kwa sababu mifano iliyomo bado inajibiwa kama ilivyoandikwa. Mlaji atakutana na neno geni prodakshen. Vivyo hivyo fildi ambayo wakati mwingine ipo na wakati mwingine haipo: huwezi kuandika "huenda ikawepo", unaandika majaribio mawili, moja ipo, moja haipo. Waliobuni wana hoja yao, kwamba ukiruhusu "huenda" hutakuwa umehakikisha chochote, na nakubali ni hoja ya kweli. Ila la orodha linabaki pengo, nasi tumeliziba kwa sheria ya nyumbani: kila mlaji lazima awe na njia ya kupokea neno asilolijua bila kuanguka.

Kuna mambo mawili madogo ambayo ni lazima uyawashe mapema. Moja ni mikataba inayosubiri. Bila mpangilio huo, mlaji akiandika mkataba wa kitu ambacho mtoaji hajakijenga bado, CI ya mtoaji inavunjika kwa kosa ambalo si lake, na baada ya hapo utakuwa na ugomvi wa kibinadamu wa kusuluhisha. Ukiwasha, mkataba mpya unaonyeshwa umefeli lakini hauvunji kitu mpaka utakapopita kwa mara ya kwanza. Jingine ni wito wa kiotomatiki kutoka Broker kwenda CI ya mtoaji pale mkataba unaohitaji uhakiki unapopandishwa. Bila wito huo mlaji anauliza "naweza kupanda?" na anajibiwa kwamba haijulikani.

Wapi isitumike? Kwa watu wa nje. Kuna mpatanishi mmoja wa malipo tunayemtegemea, simtaji, aliyebadili umbo la tarehe kwenye taarifa za malipo bila kutoa neno, abiria wakawa wamelipa na mfumo wetu unasema hawajalipa. Pact isingenisaidia hata kidogo, kwa sababu hatakuja kuhakiki mkataba wangu kwenye CI yake. Inataka pande zote mbili zikubali kucheza. Upande wa pili nao ni hivyo: tunapotoa API (mlango wa programu nyingine kuongea na mfumo wetu) kwa makampuni ya usafiri yanayotaka kuunganisha mifumo yao, hatuwezi kumdai kila mmoja aandike Pact. Huko bado tunabaki na tarehe za matoleo kwa mtindo wa Stripe, ambao akaunti inashikizwa kwenye toleo ililoanza nalo na mteja anaweza kuomba jingine kwa kichwa cha ombi, yaani maelezo yanayotangulia ombi lenyewe. Tukitaka kufunga kitu tunatuma kichwa cha `Sunset` chenye tarehe ya mwisho, kilichowekewa kanuni na RFC 8594 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 2019, na `Deprecation` ya RFC 9745 iliyotoka 2025. Wangapi wanavisoma vichwa hivyo? Wachache. Simu na barua pepe bado vina nguvu zaidi.

Nilijaribu pia zana za kulinganisha maelezo ya API, oasdiff kwa OpenAPI na Buf kwa Protobuf, namna mbili za kuandika umbo la maswali na majibu ya huduma. Zote mbili ni nyepesi kuliko Pact, na Buf hasa ni kali, inakukamata ukichezea namba ya fildi. Zinakuambia umevunja. Hazikuambii umemvunjia nani. Kwa `nauli` zingesema "usifute" milele, hata baada ya msomaji wa mwisho kuondoka. Kama huduma zako zote ni za gRPC (njia ya kuitana inayotumia Protobuf) na huna hamu ya kuandika majaribio mapya, anza na Buf, utapata nusu ya faida kwa jioni moja.

Kuhusu gharama na usimikaji. Broker ya bure inakuja kama imeji ya Docker (kifurushi kilicho tayari kuwashwa), `pactfoundation/pact-broker`, inasikiliza mlango 9292 na inahitaji databesi ya Postgres. SQLite ni ya kuchezea tu. Sisi imekaa kwenye mashine ndogo kuliko zote tulizonazo na haijawahi kuomba kubwa zaidi. Washa usafishaji wa data za zamani tangu mwanzo, maana jedwali linanenepa. Ulinzi ni wa kimaskini: jina na nywila moja ya kuandika, nyingine ya kusoma. Hakuna ruhusa kwa timu, kwa hiyo mwenye nywila ya kuandika anaweza kuandika kwa niaba ya huduma yoyote. Ukitaka watumiaji, timu na kuingia kwa akaunti ya kampuni, kuna PactFlow, ndugu yake wa kulipia, aliyenunuliwa na SmartBear mwaka 2022. Huyo ana pia njia ya kulinganisha mkataba wa mlaji na faili la OpenAPI la mtoaji bila kurudia maswali kwenye huduma halisi. Bili ni ya dola, na mkurugenzi wetu akiona dola kwenye ombi la malipo anauliza kwanza kama kuna ya bure. Ipo, tunayo, inatutosha.

Msiweke huduma zote siku moja. Sisi tulianza na nauli na ripoti, jozi iliyokuwa inagombana kuliko zote, na SMS wakaja wenyewe baada ya kuona ripoti wanapanda Ijumaa jioni bila kuuliza mtu. Malipo ndio waliochelewa zaidi. Msimbo wao ni wa zamani, kuuwekea hali za mtoaji ni kazi ya kweli, na mpaka sasa kuna sehemu yao moja, ya marejesho ya fedha, ambayo `can-i-deploy` haiioni kabisa. Kwa hiyo kwenye marejesho bado tunaulizana kwenye grupu.